Siku Mama Alipokomunika

Tunduma,
Jumatatu, 9 Juni 2025

Babu yangu,

Shikamoo. Mke wako mdogo nakusalimu. Najua utashangaa kupata barua badala ya simu, lakini wewe ukipigiwa unaweka loudi, Bibi anaitikia kutoka jikoni, halafu na mama Goodness wa jirani anaongezea la kwake. Hili nataka ulisome peke yako. Nimempa Tumpale, dereva wa Noah, akukabidhi mkononi, siyo amwachie mtu dukani.

Babu, jana mama amekomunika.

Nimeandika sentensi hiyo nikaacha kalamu nikaenda kunywa maji. Nimerudi, bado ipo pale pale.

Nilifika Ijumaa, shule zimefungwa. Baba yuko safari, amepeleka mzigo Lubumbashi. Jana Pentekoste mama akaniamsha, akasema tunakwenda kusali. Nikadhani tunakwenda parokiani, kumbe tulipita parokiani tukakunja nyuma ya maegesho ya malori, tukaingia kwenye godauni lililokuwa la mawakala wa forodha. Sikushtuka sana. Nilijua vigango vingine vinaanza hivyo hivyo, hata chetu ulisema kilianzia kwenye banda la kahawa. Picha ya Bikira Maria ilikuwepo. Nyimbo zilikuwa zile zile, nilikuwa naimba sauti ya pili bila kufikiri. Padri mzee mgeni alitoka Zambia, kanzu nyeupe na stola nyekundu kama inavyotakiwa Pentekoste. Nani angejua?

Ikafika komunyo. Nikanyoosha mkono nisogeze miguu ya mama ili nipite, kama tulivyozoea. Unakumbuka huko Ikinga, yeye hukaa, mimi humpita magotini. Tangu Komunyo yangu ya Kwanza ndivyo tunavyofanya. Jana nilipoyatafuta magoti yake, yalikuwa hayapo. Alikuwa ameshasimama.

Nikamshika gauni. Nikamnong'oneza, "Mama, unaenda wapi?"

Akasema, "Niachie, Gwantwa. Nina njaa."

Akaenda. Akapokea. Akarudi amefumba macho. Na mimi, ambaye nimeungama wiki iliyopita tu shuleni, nilibaki nimekaa.

Babu, wewe ndiye ulitufundisha kwamba anayekula asipostahili anakula hukumu yake. Na sote tunajua baba alifunga ndoa ya kanisa na yule mwanamke aliyehamia Ndola kabla mimi sijazaliwa, na kesi ya ndoa ile imelala jimboni. Kwa hiyo mama hastahili. Sasa nini kitampata? Nyumbani alimenya ndizi huku anaimba. Mimi nilikaa namtazama kama mtu aliyemeza kitu kibaya, nangoja aanguke.

Sijamwuliza. Unanijua, kwa mdomo siwezi. Shuleni tunalazimishwa Kiingereza mpaka kwenye foleni ya uji, lakini mimi hata Kiswahili kinanikwama nikiangaliwa. Kwenye karatasi ndiyo napumua.

Niambie nifanye nini. Usimwambie mtu.

Mke wako mdogo,
Gwantwa


Ikinga,
13 Juni 2025

Kwa Gwantwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini umejibu "Milele amina" hata kama uko peke yako.

Mke wangu mdogo, barua yako nimeipata kwa mkono wa Tumpale, nikaenda kuisomea kwenye shamba la kahawa. Mke wangu mkubwa ameuliza ina nini, nikamwambia ni habari za mitihani. Kwa hiyo umenifanya nidanganye, na mimi ni katekista. Ukija utanilipa kwa kunikata nywele za masikio.

Sasa tuache utani.

Kwanza, mama yako hataanguka. Hukumu ya Mungu siyo malaria. Ondoa hofu hiyo.

Pili, nimeshtuka. Nimekaa kule shambani mpaka Bibi yako Tabita akatuma mtu kunitafuta. Restuta mama yako ni mtoto wangu, nilimfundisha mimi mwenyewe pamoja na wenzake. Alipoenda kuishi na baba yako Jofrey nilimweleza, unakwenda kukaa benchi la nyuma, binti yangu, na mimi sitaweza kukuvuta mbele. Akasema amekubali. Na tangu hapo amekaa bila kelele. Wapo watu waliohama dhehebu kwa jambo dogo kuliko hilo. Nilikuwa najivunia uvumilivu wake. Leo amevunja ahadi, tena Pentekoste.

Tatu, hao watu ni akina nani? Kigango hakianzi kama kibanda cha chipsi. Kina parokia, parokia ina paroko, paroko ana askofu. Waulize askofu wao ni nani. Huyo padri mzee ametumwa na nani? Chunguza kimya kimya, kukaa kimya unakuweza. Wala wewe usipokee chochote hapo.

Nne, kuna jambo nilitaka kukuambia kwa furaha. Jumapili ya tarehe 17 Agosti mimi na Bibi yako tunafanya jubilei ya ndoa. Paroko amekubali kuja mwenyewe. Unajua desturi yetu, wazee wanarudia ahadi, wanakomunika wa kwanza, halafu watoto na wajukuu wanafuata kwa kuzaliwa kwao. Tabita ameshonesha vitenge vya wote. Ameshona na cha Restuta. Nilimwambia kwamba Restuta atakaa, kama siku zote. Akaniambia, "Najua atakaa. Akae amependeza."

Sasa na hili la godauni, sijui.

Niandikie upesi.

Katekista Ambwene


Tunduma,
Jumatatu, 23 Juni 2025

Babu,

Shikamoo. Keti kwanza.

Yule padri mzee alikuwa mgeni tu wa Pentekoste. Padri wao mwenyewe ni mwanamke.

Jumapili ya tarehe 15 niliingia godaunini nikamwona amesimama mlangoni na kanzu, anapokea watu. Nikafikiri ni mtawa anayesaidia. Halafu akapanda altareni, akatandaza mikono, akasema, "Bwana awe nanyi," na watu wakamjibu bila hata kushtuka. Babu, nilisikia masikio yanawaka. Nilitazama dari, nikidhani bati litang'oka. Wakati wa mageuzo ya mkate na divai dereva mmoja anaitwa Brayan alipiga kengele yao, ambayo ni rimu ya lori imening'inizwa, anaigonga kwa spana. Nilirukia bega la mama.

Anaitwa Mama Fausta. Na sikiliza, siku za kazi anabadilisha fedha pale mpakani. Anakaa kwenye kiti cha plastiki na mkoba tumboni, anaita watu, "Kwacha! Kwacha hapa!" Mapadri wao hawalipwi, kila mtu anakula kwa kazi yake.

Ulisema nichunguze. Jumamosi iliyopita mama alinituma sokoni, nikajikaza nikapitia kwake. Nilisimama mbali mpaka akaniita mwenyewe.

"Wewe binti wa Restuta, umekuja kuniangalia au kubadilisha?"

Nikasema, "Shikamoo Mama... Padri."

"Marahaba. Chagua moja, mwanangu, yote naitika."

Wabadilishaji wenzake wakacheka. Mmoja akamtania, "Padri, mwambie Yesu alifanya nini na meza za watu kama sisi!" Mama Fausta akamjibu, "Ndiyo maana mimi sina meza, nina kiti." Nilijikuta nacheka na mimi, halafu nikaona aibu.

Nikamwuliza swali lako, askofu wake ni nani. Sikuweza kumtazama, niliviuliza viatu vyake. Hakukasirika. Alisema alikuwa mtawa, akatoka, na kwamba wana askofu aliyewekewa mikono na askofu mwingine, na huyo na mwingine, mpaka nyuma kwa mitume, ila hawako chini ya Roma. Nikasema, basi siyo Wakatoliki. Akasema, "Tuna sakramenti saba, tuna Bikira Maria, tuna rozari, tuna watakatifu wote. Papa tunamwombea kila Jumapili." Nikasema, Papa hawajui nyie. Akasema, "Kweli, yeye hatujui. Wapo wengi tunawaombea na hawatujui."

Nikamwambia kwamba anawapa watu hukumu waile. Mteja alikuja na noti za kwacha, akamhudumia, akamshukuru kwa Kibemba, ndipo akanigeukia.

Akasema, "Nimekaa mpakani hapa tangu nikiwa na nywele nyeusi. Kila siku naona watu wanaulizwa karatasi. Mwenye karatasi anapita, asiye nayo analala chini ya lori mpaka apatikane mtu wa kumsaidia. Nikajiuliza, na kwa Mungu nako kuna geti la pili? Nikasoma, nikasali, sikuliona. Huenda nimekosea. Nikifika nitamwambia, Bwana, mimi nilikosea kwa kuwapa watu chakula. Na wewe utakuwa na la kwako la kumwambia."

Ndivyo wanavyoamini. Meza ni ya Yesu, siyo ya kwao, kwa hiyo hawamzuii mtu. Walioachika wanapokea. Mabinti wa gesti wanapokea. Brayan, yule mgonga rimu, kwao Galula walimfukuza kwa sababu ya mtu anayempenda, ambaye siyo mwanamke. Nilipoambiwa hilo niliona aibu mpaka nikasahau nilichotumwa sokoni. Naye anapokea, tena anasoma somo la kwanza, na anasoma vizuri kuliko mimi. Na dereva akifia kwenye foleni ya malori, hana ndugu wala jumuiya ya kumsindikiza, wao ndio wanaomzika. Mama huwa anapika siku hizo. Sikujua. Alikuwa ananiambia kwenye simu kwamba yuko "msibani," nikadhani Tunduma watu wanakufa sana.

Babu, sijui la kusema. Usidhani nimekubali. Kila anapotandaza mikono bado nashtuka kama mara ya kwanza. Lakini nakuungamia kitu kimoja. Jana mama aliporudi kwenye benchi, nilimtazama usoni vizuri, nikitafuta ile hukumu. Nilimwona msichana. Sijawahi kumwona mama hivyo, na nikaona wivu, kama vile nimefichwa mtu.

Sijapokea, kama ulivyoniagiza.

Wako,
Gwantwa


Ikinga,
29 Juni 2025

Gwantwa,

Tumsifu Yesu Kristo.

Sitaandika mengi. Ulichoniandikia ni kikubwa kuliko mimi. Katekista akiona moto nyumbani kwa jirani anapiga yowe, na akiuona kwake hawezi kujifanya anaota jua. Nimekwenda kwa Paroko. Jumuiya imeketi Alhamisi, na mimi nimekaa nje ya kikao kama mshtakiwa, kwa sababu ni mtoto wangu.

Wamesema Restuta aachane na kundi hilo na atubu mbele ya jumuiya. Asipofanya hivyo, tarehe 17 Agosti asiingie kanisani. Hata benchi la nyuma. Wakisikia atakuja, wazee hawatahudhuria na kwaya haitaimba. Nimekubali. Ningefanya nini? Nimewatenga watu wa wengine kwa makosa madogo kuliko hayo, wakilia mbele yangu. Leo niwaambie nini?

Tabita sijamwambia bado. Anatia vifungo kwenye vitenge.

Mwambie mama yako. Najua nakupa mzigo mzito. Mimi nikimpigia nitapiga kelele, na majirani watasikia.

Huyo mwanamke asikuguse kichwa.

Katekista Ambwene


Tunduma,
3 Julai 2025

Baba,

Shikamoo. Ni mimi Restuta.

Jana jioni niliingia kutoka sokoni nikamkuta Gwantwa amesimama katikati ya chumba, karatasi mkononi. Nikauliza kuna nini. Akanisomea barua yako. Kwa sauti, Baba, kuanzia Tumsifu mpaka jina lako, hakuruka hata neno. Sijawahi kumsikia mtoto huyu akisema maneno mengi hivyo kwa mpigo. Alipomaliza akasema, "Ni mimi niliyemwandikia. Nilidhani namwandikia babu. Barua ikapokewa na katekista."

Nilimpiga kofi. Halafu nikamkumbatia, tukalia wote kama wajinga, chapati zikaungua.

Nakujibu mwenyewe, nisimtume tena mtoto.

Baba, nilikubali benchi kwa sababu nilikuheshimu. Sikuwahi kukueleza lilivyo. Watu wanapita mbele yako, magoti yao yanagusa yako, wanarudi wanatafuna, na wewe unajifanya unatafuta ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo. Watoto wangu wote wawili nimewavalisha nguo nyeupe, nikawapeleka mpaka mahali ambapo mimi siruhusiwi kufika. Na Jofrey hajawahi kuninyanyasa hata siku moja, hata wewe unamsifu. Nimwache ili nikomunike? Niliuliza hilo mara nyingi, nikaambiwa subiri kesi. Nimesubiri. Nimeota mvi.

Siku ya kwanza kwa Mama Fausta nilikaa nyuma, kama nilivyozoea. Hakuna aliyenilazimisha niende mbele. Nilikaa Jumapili nyingi sana. Mwisho ni mimi mwenyewe niliyeinuka. Sijafanya kwa kukudharau.

Sitatubu kwa kula, Baba. Nitatubu kwa mengine, ninayo.

Na tarehe 17 Agosti nitakuja. Ninyi ndio mlionizaa, nikiwaona mnarudia ahadi yenu kwa mbali nitatosheka. Sitasogelea altare. Msiponitaka ndani nitakaa nje kwenye nyasi.

Mwanao,
Restuta


Mbozi, shuleni,
Jumapili, 24 Agosti 2025

Babu,

Shikamoo.

Nimekaa miezi miwili sijakuandikia. Nilikuwa nimekukasirikia, na sikujua kama mke mdogo anaruhusiwa kukasirika, ndiyo maana nikanyamaza. Kukaa kimya nakuweza, ulisema mwenyewe.

Sasa nashindwa kunyamaza. Shule ilinikatalia ruhusa kwa sababu ya mtihani wa majaribio, kwa hiyo siku ya jubilei nilikuwa darasani najisomea Baiolojia huku nawaza kama mama yuko kwenye nyasi. Jioni mwalimu Rozi alinipa simu yake nimpigie. Mama akapokea, nikamwuliza, "Uliingia?" Akasema, "Mwulize babu yako."

Nikasema, mama, wamekufukuza? Akasema, "Mwulize babu yako, mimi sina mdomo wa kulisema." Akaanza kucheka au kulia, sikutambua, mwalimu akahitaji simu yake.

Jana ndiyo nimepigwa butwaa kabisa. Tumpale alipita Vwawa akaniletea sabuni na karanga kutoka kwa Bibi. Nikamwuliza, kuna nini Ikinga? Akasema, "He! Hujui? Babu yako hafundishi tena. Funguo za kigango zimechukuliwa." Nikauliza kwa nini. Akaangalia huku na huku kama kuna askari, akasema, "Mimi ni Mmoraviani, dada, mambo yenu siyaingilii. Ila Ikinga nzima imeduwaa." Akapanda gari lake akaondoka!

Babu, funguo? Wewe ndiye kigango. Sijui hata kama kile kitasa kinakubali mkono mwingine.

Kama ni kwa sababu ya barua zangu, niambie wazi. Mercy, ninayelala naye kitanda cha juu na chini, anasema nimekuwa nikizungumza usingizini. Mimi! Anasema narudia neno moja, "Amezuiwa, amezuiwa."

Mama aliingia? Tafadhali niandikie kama babu.

Gwantwa


Ikinga,
30 Agosti 2025

Mke wangu mdogo,

Barua yako imenikuta nimekaa uani mchana wa siku ya kazi, jambo ambalo hata kuku hawajalizoea, wananizunguka wakidhani naumwa.

Funguo nilizipeleka mimi mwenyewe. Paroko alikuwa ameshasikia lakini alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunifokea. Aliniuliza, "Ambwene, ulikusudia?" Nikamwambia, Baba, sijui. Akasema nipumzike kwanza kufundisha mpaka wakubwa waone. Namheshimu, naye ana wakubwa wake. Usimchukie, na usijichukie wewe pia. Barua zako hazikunifanya chochote. Kilichonifanya ni hiki.

Siku ile asubuhi kwaya iko tayari, wazee wamekaa, mimi na suti ya mjomba wako, Paroko akapiga simu. Gari lake limekatika springi huko njiani. "Ambwene, ongoza ibada ya Neno, hostia zimo tabernakuloni." Nikamwambia, Baba, leo mimi ndiye bwana harusi. Akacheka, akasema, basi bwana harusi agawe.

Nikaanza. Wakati wa somo la kwanza Restuta akaingia. Tabita, ambaye nilikuwa nimemweleza ile amri ya wazee, alikuwa amemtumia kitenge chake kwa Tumpale. Amekivaa. Akakaa benchi la mwisho, la mlangoni, hata siyo kukaa, alijibanza. Wazee wakageuza vichwa, kisha wakanigeukia mimi. Gwantwa, nilisoma mstari mmoja wa Injili mara tatu. Nilitakiwa kusimamisha ibada. Nikajiambia, nikimaliza ukurasa huu. Nikamaliza ukurasa, nikajiambia, nikimaliza sala.

Tukarudia ahadi. Sauti ya Bibi yako haikutetemeka, yangu ilitetemeka.

Ikafika komunyo. Nikachukua siborio yenye hostia, nikageuka nimpe yeye wa kwanza, kama desturi. Kiti chake kitupu. Kile chenye maua. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikidhani amezidiwa. Kwaya wakamaliza wimbo. Ndipo nikamwona. Ameketi benchi la mlangoni, bega kwa bega na Restuta, amemshika mkono kama watu wanaosubiri basi.

Nikamfanyia ishara. Akatikisa kichwa.

Nilishuka. Watu wote wamegeuka, hata watoto. Nikafika, nikamwambia chini chini, "Tabita, inuka, twende mbele."

Hakusema chini chini. Alisema, "Nimechoka kuinuka. Miaka yote nainuka, namwacha huyu amekaa. Kama kweli ni chakula, mama gani hula mtoto wake akimtazama?"

Unamjua Bibi yako. Hunipigia goti akiniletea chakula mpaka leo, hata nikimkataza. Sijawahi kumsikia akisema neno kanisani ambalo halimo kitabuni.

Nikafanya ninachokijua. Nikatoa hostia, nikasema, "Mwili wa Kristo." Akasema, "Amina." Siku zote hufungua mdomo. Siku hiyo alinyoosha mikono. Nikaiweka. Nikangoja aile.

Akaivunja.

Nilisikia ikivunjika. Kitu chembamba namna ile, sikujua kwamba kinasikika. Nusu akaila. Nusu akamnyooshea Restuta.

Restuta hakuipokea. Wala hakumtazama mama yake, alinitazama mimi. Mkono ameufungua, lakini hausogei mbele, kama alivyokuwa mtoto akiona muwa na hajui ni wa nani. Aliahidi hatasogelea altare, na alitimiza. Altare ndiyo ilikuwa imemfuata.

Gwantwa, sikubaliani na hao watu wa Tunduma. Mpaka sasa nakuandikia sikubaliani nao. Mwanamke kutandaza mikono altareni siwezi kulielewa, na yule mgonga rimu nimemwombea tu kwa sababu sina la kusema. Yote niliyofundisha yalikuwa kichwani pale pale, kwa mpangilio, swali na jibu lake. Ningeweza kunyoosha mkono nikaichukua ile nusu. Wazee walikuwa wananingoja niichukue. Nikafungua mdomo niseme, "Usithubutu."

Kilichotoka ni, "Mwili wa Kristo."

Sauti ilikuwa yangu, niliisikia kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto. Restuta akasema "Amina," taratibu sana, akala. Mimi nikabaki nimesimama na siborio mkononi, kanisa lote limeganda, sijui nirudi mbele au nikae.

Bibi yako akajisogeza kidogo kwenye benchi, akaniachia nafasi.

Ni mimi babu yako,
Ambwene